Mlimani au mjini? Kwa kijana anayetaka kazi za fedha

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, viatu nimeshavua. Mtoto wa dada yangu amechaguliwa vyuo viwili, na mfumo unamtaka athibitishe kimoja tu kwa namba ya siri aliyotumiwa kwenye simu.

"Shikamoo mamdogo. Nimepata Mlimani, Biashara upande wa fedha. Nimepata na IFM, Benki na Fedha. Mama anasema Mlimani, baba anasema IFM. Wewe uko benki, sema neno."

Nikamjibu marahaba, subiri kesho. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nayo mengi mno. Stashahada na shahada yangu nilisomea chuo kidogo cha mjini, na baada ya miaka saba ya kazi nikarudi darasani Mlimani kwa shahada ya uzamili. Siku hizi ndiye ninayepokea wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, kwenye idara yetu, na mara mbili tatu kwa mwaka naitwa kwenye jopo la usaili. Kwa hiyo nimeuona mlango kutoka pande zote mbili. Niliyomwambia ni haya, pamoja na mengine yaliyonijia baadaye.

Kwanza, "kidogo" maana yake nini

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho tunachokiita Mlimani, kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Baadaye kikapanda kilimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Biashara inafundishwa kwenye Shule Kuu yake, lakini jirani zake ni sheria, uhandisi, uchumi, fasihi, jiolojia na kadhalika. Ukikaa kwenye kantini unaweza kula wali maharage na mtu anayesomea samaki.

IFM, yaani Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Kipo mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Makumbusho ya Taifa. Kwa vichwa si kidogo hata kidogo, kina maelfu ya wanafunzi na kampasi mikoani. Udogo wake ni wa upana: benki, uhasibu, bima, kodi, hifadhi ya jamii, na kompyuta kidogo za kuwasha hayo yote. Ndugu zake ni CBE, yaani Chuo cha Elimu ya Biashara, iliyofunguliwa mwaka 1965, Taasisi ya Uhasibu kule upande wa Kurasini, na Chuo cha Kodi cha Mikocheni kilicho chini ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Hiki cha mwisho ni kidogo kweli, kwa vichwa na kwa upana.

Basi nikisema chuo kidogo humu ndani, nazungumzia mahali ambapo kila mtu unayekutana naye kwenye ngazi anasoma jambo linaloishia kwenye pesa. Vyuo vya mitaani ambavyo hata NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, haivijui sivizungumzii. Hivyo dawa yake ni moja tu, kutokulipa hata shilingi kabla hujaona usajili.

Ndani ya darasa

Siku yangu ya kwanza ya somo la pamoja pale Mlimani nilifika dakika kumi kabla nikidhani nimewahi. Ukumbi umejaa. Kila kiti kina daftari, mtandio, au chupa ya maji iliyowekwa na mtu aliye bado hosteli. Nikakaa kwenye ngazi, mimi mtu mzima na mkoba wa kazini, pembeni ya kijana aliyeelekeza simu mbele kurekodi sauti ya mhadhiri. Kijana akanipa pole kwa macho. Mhadhiri alikuwa mzuri mno, mmoja wa watu walionifanya nielewe kwa nini shilingi inapanda na kushuka. Lakini hakunijua, na muhula ulipoisha bado hakunijua. Sikumlaumu, angeanzia wapi?

Chuoni kwangu mjini hali ilikuwa nyingine. Nilikuwa napanga Kigamboni enzi hizo kabla ya daraja la 2016, na asubuhi maisha yangu yalikuwa mikononi mwa pantoni. Mwalimu wa hesabu za gharama aliijua ratiba ya pantoni kuliko mimi. Nikiingia nimechelewa anasema bila kugeuka kutoka ubaoni, "Karibu Kigamboni, leo umelikosa la saa ngapi?" Darasa linacheka, nami natafuta shimo la kuingia. Mwalimu huyohuyo, miaka miwili baadaye, ndiye aliyepiga simu kwa mtu aliyesoma naye na kusema nina binti hapa, ana kichwa, mpeni nafasi ya fildi. Ndivyo nilivyoingia benki. Mpaka leo nafikiri kama nisingekuwa nachelewa, asingenijua.

Upande wa pili wa udogo huo ni desa. Masomo hayabadiliki sana, maswali yanajirudia, na madaftari ya waliotangulia yanarithiwa kama shamba. Kuna mtihani nilipata A kwa kukariri kurasa kumi na nne. Wiki ya pili kazini bosi akaniuliza swali la mada ileile, akiligeuza kidogo tu. Nikabaki namtazama. Mlimani nako desa lipo, tusidanganyane, ila ukumbi wenye watu wengi wa kila aina huzaa wabishi wengi zaidi, na mbishi mmoja kwenye semina anaweza kukufundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

Rafiki yangu mmoja, chuo chake sikitaji, alipoteza alama za somo zima kwenye mfumo na akazunguka ofisi za utawala miezi minne. Shida ya namna hiyo inaweza kukukuta popote. Tofauti ni kwamba mahali padogo mwisho wake unamfikia mwenye ufunguo, na mahali pakubwa unafika kwa karani wa kumtafuta mwenye ufunguo.

Mama wa vitenge

Niruhusuni nikae kidogo kwenye meza ya usaili, maana hapo ndipo ubishi wa dada na shemeji unapopimwa.

Tulikuwa tunatafuta afisa mikopo wa kuanzia. Wakabaki wawili: kijana wa Mlimani na binti wa chuo cha mjini. Wote wana daraja la pili la juu. Nikawapa karatasi ileile, kila mmoja kwa wakati wake. Mama ana duka la vitenge Kariakoo, anaomba milioni 20 kwa miezi 24, riba asilimia 18 kwa mwaka. Taarifa ya benki inaonyesha pesa nyingi zinaingia, lakini zinatoka siku hiyohiyo. Mzigo unatoka China. Swali: rejesho la mwezi ni kiasi gani, na utampa?

Binti akafungua Excel. Kabla sijamaliza kumimina chai alikuwa na jedwali lote. Kwa riba inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama shilingi 998,000 kwa mwezi. Akaongeza bila kuulizwa kwamba mkopeshaji anayekokotoa riba kwenye mkopo wote mpaka mwisho angemtoza mama yuleyule kama 1,133,000, na kwamba wateja wengi hawaijui tofauti hiyo mpaka wameshasaini. Moyoni nikasema huyu kafundishwa na mtu aliyewahi kukaa dirishani.

Nikamuuliza: "Kontena likiwa njiani, dola ikapanda, nini kinatokea kwa mama huyu?" Kimya. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, "Hiyo hatukufika."

Kijana wa Mlimani alianza na dola. Alieleza kwa nini mwagizaji mdogo ndiye anayeumia mapema, kwa nini pesa kuingia na kutoka siku ileile si dalili mbaya kwa muuza jumla, akauliza kama mama analipa mzigo mwanzoni au ukifika, swali ambalo hata mimi sikuwa nimeliandaa. Ukitaka kumsikiliza, unaweza kushinda kutwa nzima. Lakini rejesho lilimchukua muda mrefu, na la kwanza alilolitoa alikokotoa riba ya mwaka kana kwamba ni ya mwezi. Mama angelipia vitenge na nyumba.

Tulimchukua binti. Kazi ilikuwa inaanza Jumatatu na tulihitaji mtu wa kukaa na kufanya. Kijana hakutupwa. Mwenzangu wa jopo aliomba wasifu wake kwa ajili ya kitengo kingine, cha watu wanaoandika ripoti za uchumi, na huko ndiko aliko.

Sisemi kila wa Mlimani yuko hivi na kila wa mjini yuko vile. Nimeona kinyume chake mara nyingi. Ila nikizijumlisha saili zote nilizokaa, mwelekeo ni huo: chuo kidogo kinakupa mikono mapema, chuo kikubwa kinakupa maswali. Kazi ya kwanza inataka mikono. Ukifika kwenye meza ya meneja, wanakuuliza maswali.

Fildi, kiatu na barua

Tofauti hii watu hawaitaji na ni kubwa. Anayesoma Shaaban Robert akitoka getini ana majengo pacha ya Benki Kuu, matawi ya mabenki mtaa wa Samora na Sokoine, kampuni za bima na ofisi za ukaguzi, vyote kwa mguu. Kipindi kikiahirishwa, anapeleka barua ya kuomba fildi na kurudi kabla ya kipindi cha saa nane. Nilizipeleka zangu kumi na tisa kwa viatu vilivyotoboka. Ofisi tatu zilijibu.

Wa Mlimani anateremka, anapanda daladala au mwendokasi mpaka Posta, anafika kola imelowa jasho na mapokezi wameenda kula. Faida yake ni nyingine: nenda ofisi yoyote ya fedha nchini, utakuta mtu wa Mlimani amekaa kwenye kiti kizuri. Mtandao upo, mkubwa, lakini haukuoni mpaka ujitokeze. Kwenye chama cha wanafunzi, kwenye mijadala, kwenye shindano lile la Soko la Hisa ambapo wanafunzi wananunua na kuuza hisa kwa pesa za kuigiza. Vyuo vyote vinakaribishwa humo, na nikiona limetajwa kwenye wasifu lazima niulize: ulinunua nini, na kwa nini uliuza?

Serikalini jina la chuo halina uzito ambao watu wanaudhani. Ukiomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira unakaa mtihani wa mchujo na mamia ya wenzako, na karatasi haiulizi ulilala hosteli gani. CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma, ni vivyo hivyo. NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, wanakupa namba ya mtahiniwa, na msahihishaji haoni kama umetoka kilimani au bondeni. Shahada ya uhasibu inayotambuliwa inakuepusha na ngazi za chini za mitihani hiyo, iwe ya Mlimani, Kurasini au mjini.

Jina linafanya kazi sehemu mbili. Ukitaka kwenda kusoma nje, ukitaja UDSM, yaani Mlimani hiyohiyo, hawakuulizi mara mbili, ukitaja hao wengine wakati mwingine utaandika aya nzima kueleza shahada yako ni ya aina gani. Na kwenye harusi, mjomba akiuliza unasoma wapi.

GPA, jambo ambalo shemeji alilisema vizuri kuliko mimi

Programu nyingi za wahitimu, kwenye mabenki na kwenye kampuni kubwa za ukaguzi, huweka mstari kwenye daraja la pili la juu, yaani GPA, wastani wa alama zako, ya 3.5 kati ya 5. Chini ya hapo wasifu wako unaweza usifunguliwe. Shemeji, ambaye ni fundi umeme na hana habari na fedha, alisema: "Bora 3.8 ya pale kuliko 2.9 ya kule." Ana haki. Kijana anayejijua kwamba asiposukumwa halali mapema wala haamki mapema, ambaye akikosa kueleweshwa haulizi, akiingizwa kwenye ukumbi wa watu mia nne anaweza kumaliza mwaka wa kwanza ana sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na hakuna aliyegundua. Sijui kama ndivyo alivyo mwanetu. Mama yake ndiye anayejua, na mama yake ndiye anayetaka Mlimani kwa sababu yeye aliikosa mwaka 1998. Hilo nimeliandika hapa, dada, naomba unisamehe.

Pesa za kuishi

Nitapita haraka. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unamfuata mwanafunzi wa shahada popote kati ya vyuo hivi, na ukianza kazi utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo bumu, pesa hiyo ya mkopo, si zawadi. Kinachotofautisha ni mahali pa kulala. Mlimani ina hosteli nyingi, zikiwemo zile za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 kwa wanafunzi 3,840, ingawa nafasi hazitoshi wote. Mjini vitanda ni vichache na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, ndiyo maana wengi wanaishia Kigamboni au mbali zaidi. Piga hesabu ya nauli na kodi kabla ya kulinganisha ada. Chakula cha Posta nacho kina bei ya Posta, mpaka umjue mama ntilie wako.

Walio nje ya ubishi huu

Kuna kijana ambaye hana anasa ya kuchagua. Kidato cha nne amepata vizuri kiasi, kidato cha sita hakwenda au kilimkataa. Mlimani hawezi kuingia moja kwa moja. Vyuo vya mjini vina ngazi: astashahada, stashahada, kisha shahada. Mimi niliipanda hiyo ngazi kuanzia stashahada na sioni aibu. Miaka inaongezeka, lakini ukifika shahada umeshafanya fildi mara mbili na vitabu vya hesabu umevishika kwa mikono yako wakati wenzako walikuwa bado wanakariri ramani za jiografia ya kidato cha sita. Ukimaliza stashahada na ufaulu mzuri unaweza pia kuombea Mlimani. Njia hiyo watu wanaisahau.

Na kuna anayejua kabisa anachotaka. Anayetaka bima, mimi namwambia IFM bila kupepesa, maana bima kwao ni somo lenye mizizi. Anayetaka forodha na kazi za uwakala bandarini, Chuo cha Kodi, ila asidhani kusoma kwa TRA ni kuajiriwa na TRA. Anayetaka uhasibu mpaka CPA, achague penye kitanda karibu, tofauti ni ndogo. Anayetaka kuwa mchumi wa Benki Kuu, mtafiti, au mtu wa kuchambua masoko, na hesabu hazimtishi, apande Mlimani na achukue masomo ya takwimu mpaka wamchoke. Takwimu bima, yaani hesabu za kukadiria hatari, ipo kote kuwili, na ni ngumu kote kuwili.

Asiyejua anachotaka, nampeleka Mlimani. Huko nilimwona binti aliyeingia biashara, akahudhuria mhadhara wa takwimu kwa kumsindikiza rafiki, na kabla dirisha la kuhama kozi halijafungwa akawa amehama. Pale mjini angehama kutoka benki kwenda bima, yaani kutoka chumba hadi chumba.

Alichoamua

Nilimuuliza mwanetu maswali mawili kwa simu. La kwanza: mara ya mwisho ulipokwama kwenye hesabu ulimuuliza nani? Akasema alikuwa anamfuata mwalimu ofisini mpaka mwalimu akawa anajificha. La pili: kazi ya fedha unayoitaka inafanyikaje asubuhi mpaka jioni? Kimya kirefu, halafu, "Sijui mamdogo, ila nataka kujua kwa nini vitu vinapanda bei."

Akathibitisha Mlimani siku moja kabla dirisha halijafungwa. Baba yake hakuongea naye siku mbili, ya tatu akamnunulia begi.

Sharti langu lilikuwa moja: kila Jumamosi ya pili anakuja Tabata na kompyuta yake. Ya kwanza ameshakuja. Nilimpa karatasi ya mama wa vitenge nikaenda kupika. Niliporudi alikuwa na kurasa mbili kuhusu dola, nzuri sana, na rejesho la shilingi 3,669,000 kwa mwezi.

"Riba ya mwaka hiyo, baba," nikamwambia. "Gawa kwa kumi na mbili, uanze upya. Ubwabwa uko tayari."